Swingi Aliyotufundisha Baba

Baba alijifunza dansi ya swingi vitani. Alikuwa mbeba machela katika jeshi la Mwingereza, akavushwa bahari mpaka India, na kutoka huko akapelekwa kwenye misitu ya Burma kubeba majeruhi na wafu. Katika kambi moja nyuma ya mapigano alikutana na askari weusi wa Marekani waliokuwa wakijenga barabara. Walikuwa weusi kama yeye, lakini waliposema hakuelewa neno. Jumapili mchana walikuwa wakiweka gramafoni juu ya sanduku la risasi na kucheza wawili wawili, wanaume kwa wanaume, kwa sababu wanawake hawakuwepo. Baba alisimama kando akitazama Jumapili tatu. Jumapili ya nne mmoja wao alimnyooshea mkono.

"Hakuniuliza kama najua," baba alikuwa akitusimulia. "Alinishika, akanivuta, akaniachia. Nikashtukia nimerudi mwenyewe."

Yule askari alimweleza, kwa Kiingereza cha polepole na kwa mikono, kwamba dansi ile ilizaliwa kwao, katika mtaa wa watu weusi wa mji mkubwa. Watu waliosugua sakafu za wengine na kubeba mizigo ya wengine wiki nzima walikutana Jumamosi kwenye kumbi pana, mbele ya bendi yenye tarumbeta nyingi, na hapo kila mmoja akawa bwana na kila mmoja akawa bibi. Wazungu walikuja baadaye kutazama, kisha nao wakajifunza. Baba alipenda kutuambia habari hiyo, lakini siyo iliyomfanya aishike ile dansi maisha yake yote. Sababu yake aliisema mara moja tu mbele yangu, nikiwa mtu mzima.

"Nilikuwa nimebeba maiti wiki nzima," alisema. "Yule alikuwa mtu wa kwanza kunishika akiwa mzima."

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, upande wa Homa Bay, kwenye boma la baba yake kando ya barabara inayopanda kwenda Rongo. Akaoa. Tarumbeta hazikuwepo. Kulikuwa na kodiani, ambayo kwetu tunaiita onanda, na wapigaji wake wengi walikuwa askari wenzake waliorudi nazo mgongoni. Baba akagundua kwamba mpigo wa onanda unakubali swingi ukiupunguza mwendo kidogo. Katika miaka ya hamsini alikuwa akifundisha katika ukumbi wa mji wa Homa Bay. Walikuja makarani, wafagiaji wa hospitali, watu wa kiwanda cha pamba, wanaume wenye tai na wanawake wenye viatu vya kuazima. Walimwita japuonj, yaani mwalimu, ingawa shule aliishia darasa la tatu. Wazee wa Homa Bay walionikuta ukubwani hawakuniuliza kazi yangu. Waliniuliza kama naweza kucheza kama baba.

Halafu gitaa likaja, na watu wakaanza kucheza bila kushikana. Ule ukumbi ukawa ghala la mahindi. Swingi ikabaki nyumbani kwetu peke yake, kama lugha ya ukoo uliokwisha.

Sisi tulizaliwa wawili, mimi na dada yangu, aliyenifuata kwa miaka minne. Baba alitufundisha uani, mama akiwa ameketi kwenye kigoda akipiga mpigo kwa kiganja juu ya debe. Hesabu ni nane. Mwanamume anashika, mwanamke anatoka mpaka mikono yao inyooke, na hapo katikati, kabla ya kurudi, ana nafasi yake ya kufanya apendalo: azunguke, apige kisigino, atikise bega. Hakuna anayemwamrisha. Kisha anarudi. Dada yangu alikuwa na vitu vingi vya kufanya katika nafasi ile, na hakurudia kimoja mara mbili. Mimi nilikuwa nikimwonea wivu, nikamlalamikia baba kwamba yeye ndiye anayecheza na mimi nasimama tu kama mti.

"Kazi yako ni kuwepo anaporudi," baba akanijibu. "Hiyo si kazi ndogo."

Tulicheza mbele ya watu mara moja tu, siku ya sikukuu, katika uwanja wa Homa Bay, mkuu wa wilaya akiwa ameketi chini ya turubai. Nilikuwa na miaka ishirini, dada yangu kumi na sita. Watu walitazamana kwanza, maana hawakuwahi kuona kitu kile. Baadaye wakaanza kucheka kwa furaha, na mama mmoja wa makamo akatoka kwenye umati, akavua viatu, akaanza kucheza peke yake pembeni, hatua zote akizijua. Alikuwa mwanafunzi wa baba wa zamani. Dada yangu alitabasamu njia nzima tukirudi nyumbani.

Miaka miwili baadaye aliolewa karibu na Rongo, kwa watu wanaolima miwa na wanaoshika Sabato. Hawakuwa watu wabaya. Walimkaribisha vizuri, wakamjengea nyumba ya mabati. Ila dansi kwao ilikuwa mambo ya dunia, na yeye akakubali kuiacha. Nilipokwenda kumtembelea siku moja bila kutoa habari, nilimkuta jikoni, nyumba ya nje, ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, sufuria ikichemka nyuma yake. Aliponiona alicheka akafunika mdomo.

"Usiniseme," akasema.

Sikumsema. Alizaa mtoto mmoja, aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka, na hakupata mwingine.

Mimi nilikuwa nimehamia Migori na kufungua kibanda cha kutengeneza redio. Nikaoa. Mama alikufa mwaka wa tisini, kifo cha kawaida, cha moyo, na nakumbuka jinsi majirani walivyotuambia tushukuru. Hatukuelewa tushukuru nini. Baada ya mwaka mmoja au miwili tulielewa. Maseremala wa barabara yetu waliacha kutengeneza vitanda na meza, wakawa wanatengeneza majeneza tu, wakiyasimamisha nje ya vibanda vyao kama milango inayongoja nyumba. Wateja wangu waliniachia redio wasirudi kuzichukua. Nilikuwa nazo rafu nzima, kila moja na karatasi ya jina iliyofungwa kwa uzi, na majina mengi kati ya hayo niliyasikia tena yakitangazwa redioni katika matangazo ya vifo.

Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Wengine walisema ni chira, laana inayomkondesha aliyevunja mwiko. Wengine walisema ni ule wa siku hizi. Shemeji yangu wa Rongo alikonda mwaka mzima, na jamaa zake wakasema ni malaria ya tumbo, wakamzika. Kisha wakakaa chini, wakamtazama dada yangu, wakasema yeye ndiye aliyeuleta. Kuna ndugu wa marehemu aliyekuja kumrithi kama desturi yetu inavyotaka. Dada yangu alimwambia kwa upole arudi kwake akaishi. Kwa jibu hilo tu wakamwambia aende kwa watu wake. Mama mmoja wa kanisa lao aliendelea kumletea uji mpaka alipokatazwa.

Alikuja kwangu Migori na begi moja. Nilipomwona kwenye mlango wa kibanda nilidhani ni mteja mzee.

Akakaa kwetu siku kumi na mbili. Mke wangu aliogopa, na mimi niliogopa zaidi yake, ila niliuacha woga wake uonekane badala ya wangu. Tulimtengea kikombe chake, sahani yake, na beseni lake. Hatukumwambia. Tuliviweka tu upande wake wa meza kila siku, vilevile, na yeye alivichukua vilevile. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, nilimkuta amekunja shuka na kufunga begi.

"Naenda kwa baba," akasema. "Hewa ya ziwa itanifaa."

Boma letu liko mbali na ziwa, juu kwenye mawe. Hewa ya ziwa haifiki pale, na miaka ile ziwa lenyewe lilikuwa limefunikwa na gugumaji mpaka mitumbwi ikakwama. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilimbebea begi mpaka stendi.

Baba alikuwa na miaka sabini na kitu, akitembea kwa fimbo. Hakumtengea chochote. Walikula ugali kutoka sahani moja, na usiku alilala kwenye kiti mlangoni mwa chumba chake ili amsikie akiita. Nilikwenda kuwaona kila Jumapili ya pili. Kila nilipofika nilikuta dada yangu amepungua. Nilileta sukari na mkate, nikakaa kwenye kiti cha mbali kidogo, nikazungumza habari za Migori, nikaondoka kabla jua halijageuka.

Jumapili moja nilimkuta ameketi kwenye mkeka, upande wa nyumba unaopata jua, uso ameupaka mafuta. Baba alikuwa kando yake akichambua mboga.

"Owadwa," akaniita, yaani ndugu yetu. "Leo miguu ipo. Simama tucheze."

Nilicheka nikidhani anatania.

"Kidogo tu," akasema. "Nane mbili. Nane tatu zikinishinda nitakuambia."

Akaninyooshea mkono. Nilikuwa sijaushika tangu aje kutoka Rongo. Hata siku ya stendi nilishika begi. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na vidonda vidogo, vingine vimekauka na vingine bado. Nilivitazama muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

"Mgongo unanisumbua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilibeba betri ya gari."

"Pole," akasema, akaurudisha mkono wake kwenye mapaja. Hakuisema kwa kejeli. Alinipa pole kama mtu anavyompa mwenzake anayeumwa.

Baba akaweka mboga chini, akaegemeza fimbo yake ukutani. Kwetu baba hachezi na binti yake aliyeolewa. Kuna heshima kati yao, na hata kuketi karibu sana watu huona aibu. Alimwinamia, akamshika mikono yote miwili, vidole kwa vidole, akamnyanyua. Hakukuwa na redio wala debe. Alihesabu kwa mdomo, kwa Kijaluo, polepole kuliko nilivyowahi kumsikia akihesabu. Achiel, ariyo, adek. Alimwachia atoke, siyo mbali, mkono haukunyooka hata nusu. Pale katikati, kwenye nafasi yake, dada yangu alisimama kama aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akapiga kisigino chini mara moja. Akarudi, akaweka paji la uso kwenye kifua cha baba, na baba akaendelea kuhesabu.

Walicheza nane mbili. Nilizihesabu. Mwanamke aliyekuwa akipita nje ya ua na maji kichwani alisimama, akautua mtungi wake, akatazama mpaka mwisho. Mimi nilikuwa kwenye kiti.

Baba alimrudisha kwenye mkeka, akamfunika miguu kwa leso, akaokota mboga zake. Nilikaa kidogo, nikasema nahitaji kuwahi gari, wakaniaga vizuri wote wawili.

Dada yangu alikufa wiki tatu baadaye, siku ya kazi. Mtu wa kijijini kwetu alikuja na habari hiyo kibandani, nikazima pasi ya kuchomea waya, nikafunga.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa nilipofika. Shida ilikuwa kaburi. Jamaa za mume walikataa mwili kupelekwa Rongo, na binti aliyeolewa, kwa desturi yetu, hazikwi ndani ya boma la baba yake. Anazikwa nje ya ua. Baba alitaka azikwe kando ya mama yake. Alikuwa amesimama katikati yao bila fimbo.

"Jaduong'," mmoja wa wazee akamwambia kwa heshima, "ukimzika ndani unawafungia njia wasichana wote wa ukoo huu. Nani atawaoa?"

"Nimezika watu kwenye msitu usio na ua," baba akasema. "Sikuuliza mmoja wao kaolewa wapi."

"Ile ilikuwa vita."

"Na hii ni nini?"

Wakanigeukia mimi. Mimi ndiye kaka, mwana pekee wa boma, na neno langu lingebeba uzito. Huenda kama ningesema tu azikwe ndani, wangenung'unika na kukubali, maana walikuwa wamechoka. Walikuwa na mazishi mengine Ijumaa. Nilimtazama baba, nikawatazama wao.

"Tufuate desturi," nikasema.

Baba alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia jambo alilolitarajia, akaenda kutafuta fimbo yake. Tulimzika nje ya ua, upande wa barabara. Vijana walileta spika kubwa za matanga kama ilivyokuwa kawaida ya miaka ile, wakacheza disko, kila mmoja peke yake, nyuso zimeelekea spika. Sikuwalaumu. Wengi wao walikuwa wamezika wazazi. Baba alikaa ndani, mlango umefungwa.

Nilirudi kwake baada ya mwezi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Migori, lakini nilipofika yakabaki machache.

"Baba," nikasema, "siku ile mgongo haukuwa unaniuma."

"Najua."

Alikuwa akitazama nje, kule barabarani.

"Naye alijua," akasema. "Alisema usiulizwe."

Hakuninyima chakula siku hiyo, wala hakunikaripia, siku hiyo wala baadaye. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenikaripia. Alikufa kabla ya mvua za masika zilizofuata, akiwa usingizini. Walikuja wazee wanne watano waliokuwa wanafunzi wake, wakasimama kaburini na kofia mikononi. Mmoja wao alinong'ona kwamba japuonj amekwenda na dansi yake. Nilimsikia.

Miaka miwili ikapita. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya sekondari ya karibu aliniletea redio yake, akaniambia amesikia kwamba mimi ni mtoto wa yule mzee wa swingi. Alitaka kuwafundisha wanafunzi wake waicheze kwenye tamasha la muziki. Nilikataa. Akaja tena. Mke wangu ndiye aliyeniambia niende, akisema huenda itanisaidia, na sikuuliza kunisaidia nini.

Nilikwenda Jumamosi mbili. Nilichora nyayo kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, za mwanamume nyeupe, za mwanamke nyekundu, nikawaeleza hesabu. Niliwaambia ilikotoka, habari za kumbi na askari na gramafoni juu ya sanduku la risasi, na wao walisikiliza kwa makini kuliko nilivyodhani watoto husikiliza. Kisha wakashikana mikono. Sikutegemea wataipenda namna ile. Walikuwa watoto wa miaka ile, hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kuvaa kitambaa cha msiba, na walipotoka na kurudi walicheka kwa mshangao kila mara, kila mara kama ni mara ya kwanza, kwamba kumbe mwenzao bado yupo. Nilielewa wakati ule kwa nini dansi hii imevuka bahari na vita na makanisa bila kufa. Haikunipa faraja yoyote kuelewa.

Mwisho wa Jumamosi ya pili msichana mmoja alishindwa kuikamata nafasi ya katikati. Alijaribu mara nyingi, akakasirika.

"Mwalimu, tuonyeshe wewe," akasema, akaninyooshea mkono. "Nishike uniachie nione."

Darasa zima likangoja. Nilisimama pale juu ya nyayo za chaki na mikono yangu kando, na haikuinuka. Mwalimu wao akaja akamshika yule msichana yeye mwenyewe, akajaribu, wakacheka wote, na somo likaendelea. Nilichukua koti langu nikatoka. Sikurudi Jumamosi iliyofuata.

Siku ya tamasha nilifungua kibanda kama kawaida. Yule mwalimu alipita alasiri, bado amevaa nguo nzuri, akaniambia wanafunzi wake wamechaguliwa kwenda ngazi inayofuata na watu wamesimama kuwapigia makofi. Akaanza kunionyesha walivyotoka na kurudi, mikono yake ikienda hewani mbele ya rafu zangu. Nilimwambia nina kazi nyingi leo. Akasema ni sawa, akaniaga, nikaendelea na redio niliyokuwa nimeifungua.